Nimelipa ada yote ya urubani, nina saa 31 tu, na baba anadhani nimeshafuzu

Shikamoo Mshauri,

Nimesoma safu hii kwa muda mrefu nikiamini matatizo yake ni ya watu wengine. Leo zamu yangu imefika. Naomba usichapishe jina langu wala la shule, kwa sababu bado nimo ndani yake na vyeti vyangu viko kwao.

Nina miaka 24. Baba alipostaafu, mafao yake yaliingia yote kwa pamoja, tukakaa kama familia na kuamua sehemu kubwa iende kwenye masomo yangu ya urubani. Tovuti ya shule ilikuwa na picha ya ndege sita zimepangwa mstari mmoja. Waliahidi leseni ya rubani wa biashara ndani ya miezi 12, saa 200 za kuruka zikiwemo kwenye ada. Anayelipa yote kwa mkupuo anapunguziwa, na ofa ilikuwa inaisha Ijumaa. Sisi tulilipa Alhamisi.

Huu ni mwezi wa 14 na nina saa 31. Zile ndege sita, zinazoruka ni mbili, na mara nyingi moja iko karakana. Tatu ni magamba matupu. Ya sita nilikuja kugundua ni ya mtu binafsi aliyekuwa ameegesha tu siku ya kupiga picha. Wanafunzi tuko 27.

Nimepitia wakufunzi wanne. Wa kwanza alikuwa mtu mzuri sana. Nilipofikisha saa 19, asubuhi moja alishuka, akafunga mlango, akaniambia nizunguke uwanja mara tatu peke yangu, nikitua na kupaa. Ndege ikawa nyepesi ajabu bila yeye, ikaacha ardhi mapema kuliko nilivyozoea. Mshauri, sina maneno ya asubuhi ile. Wiki mbili baadaye aliajiriwa na shirika la ndege, akaondoka. Waliofuata, kila mmoja alinirudisha mwanzo ili "anione kwanza". Huyu wa sasa anafoka tangu injini inapowashwa mpaka inapozimwa. Ananinyang'anya usukani bila kusema, na mara mbili ameniambia mbele ya wenzangu kwamba mimi sina mkono wa ndege.

Kuna mambo mengine mawili. Shule imekata saa 38 kwenye akaunti yangu wakati kitabu changu kina 31. Nilipouliza niliambiwa ndivyo mita ya ndege inavyosoma. La pili, mwezi uliopita wakati wa ukaguzi kabla ya kuruka, pedali ya breki ya kushoto ilikuwa inazama. Nilitaka kuandika kwenye kitabu cha hitilafu, mkufunzi akanizuia: "Ukiandika, ndege inalala chini, na wenzako watajua ni nani aliyeilaza." Tuliruka, tukatua salama. Mwenzangu mmoja aliwahi kuandika hitilafu ya redio, akakosa jina kwenye ratiba wiki tatu. Sasa ameshahama.

Kuna shule nyingine inanitumia ujumbe karibu kila siku. Ndege zao ni mpya, zina skrini badala ya saa za mshale. Wananipa punguzo nikitanguliza asilimia 60 kabla ya mwisho wa mwezi huu. Mjomba yuko tayari kunikopesha.

Mitihani ya nadharia nimefaulu, isipokuwa hali ya hewa na urambazaji ambayo sijaifanya. Na baba anajua nimeshapata leseni ya rubani binafsi na niko hatua ya biashara. Nilimwambia hivyo miezi mitano iliyopita, alipokuwa anaumwa, nikashindwa kuirudisha kauli. Hajawahi kupanda ndege maishani, na kila tukiongea huniuliza ni lini nitamrusha.

Nibaki nimalizie pesa yetu, au nihame? Na je, huenda huyu mkufunzi anasema kweli?

Ni mimi,
Mwana wa Mstaafu

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Pole. Nimeisoma barua yako mara tatu, na kila mara nimekwama palepale, kwenye ile kauli ya miezi mitano iliyopita. Nitaifikia. Kwanza nikujibu ulichouliza.

Mimi mwenyewe sijawahi kushika usukani wa ndege, na ukweli ni kwamba hata ngazi ndefu hunitia kizunguzungu. Kwa hiyo nilimtafuta mkufunzi mmoja mstaafu, nikamsimulia habari zako bila jina wala mahali. Hakuuliza unarukaje. Aliuliza: "Hizo saa 31 kazipata kwa muda gani?" Nilipomwambia miezi 14, alinyamaza, akafanya hesabu kwa vidole. Ni kama saa mbili na kidogo kwa mwezi. Akasema hata yeye, pamoja na miaka yake yote, angekuwa mzito kwa mwendo huo. Anayejifunza anatakiwa aruke angalau mara mbili kwa wiki, tatu ikiwezekana, kwa sababu mikono na macho husahau haraka. Ukikaa wiki mbili chini, nusu saa ya kwanza ya somo inakwenda kukumbuka ulichokuwa unakijua. Ukaongeza wakufunzi wanne, kila mmoja akikurudisha mwanzo, hapo saa 31 zako zimegawanyika vipande.

Halafu jiulize unajilinganisha na nani. Kiwango cha chini cha Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, kwa leseni ya rubani binafsi ni saa 40, au 35 kwa kozi iliyoidhinishwa. Ulaya wanataka 45. Hivyo ni viwango vya chini tu. Marekani, mtu kumaliza na saa 60 au 70 ni jambo la kawaida. Nawe bado hujafika hata 35. Na yule mkufunzi wako wa kwanza, alipofunga mlango na kubaki chini, aliweka saini yake na leseni yake juu ya uamuzi ule. Watu hawamwachii ndege mtu asiye na mkono.

Hata hivyo nisikupambe. Huenda una tatizo la kweli katika kuruka kwako ambalo huyu wa sasa ameliona na hajui kulisema ila kwa kufoka. Njia ya kulijua ni rahisi kuliko unavyodhani: nenda kwa mkufunzi asiyekujua, mahali pengine, ulipie saa moja tu. Usimsimulie mkasa wako. Mwombe mwishoni akuandikie anachoona kiko sawa na anachoona kinahitaji kazi. Saa hiyo moja inaweza kukupa jibu ambalo mimi na mstaafu wangu hatuwezi kukupa tukiwa tumekaa kwenye viti.

Na kuna mstari mmoja umeupitia harakaharaka: hali ya hewa na urambazaji. Kusoma masomo hayo hakuhitaji ndege inayoruka. Nakuuliza kwa upole, miezi 14 hiyo ilikwenda wapi? Sikulaumu. Mtu akikatishwa tamaa uwanjani, kitabu nacho huwa kizito. Lakini masomo hayo mawili ndiyo hasa utakayoyahitaji siku utakapotoka kwenye mzunguko wa uwanja na kwenda safari ndefu peke yako, na shule yoyote utakayohamia itakuuliza. Tena matokeo ya nadharia huwa na muda wake. Kwa leseni ya rubani binafsi, Marekani na Ulaya wanahesabu miezi 24. Angalia yako yanaisha lini.

Sasa pesa. Unasema "nimalizie pesa yetu", kana kwamba iko pale imekaa inakusubiri. Kati ya saa 200, toa 31, zinabaki 169. Kwa mwendo wa saa mbili na kidogo kwa mwezi, utazimaliza baada ya miaka zaidi ya sita. Nimeipiga hesabu hiyo mara mbili nikidhani nimekosea. Kwa hiyo swali la kubaki ni hili: wanaweza kubadilisha mwendo huo, na watakubali kuuandika? Ukiamua kujaribu, mwandikie mkuu wa mafunzo, usiongee tu kwenye korido. Omba mkufunzi mmoja, idadi ya safari kwa wiki, na tarehe ya kutathmini. Hatari yake unaijua, umeshaona lililompata aliyeandika habari za redio. Iko nyingine kubwa zaidi. Shule yenye ndege mbili na wanafunzi 27 waliokwisha kulipa inaishi kwa ada ya wanafunzi wapya, na wapya wakikatika, nayo inasimama. Mwezi Februari 2008, Silver State Helicopters ya Marekani, shule kubwa ya helikopta, ilifunga milango ghafla na kwenda kufilisika, na wanafunzi wengi wakabaki na mikopo ya makumi ya maelfu ya dola bila leseni. Aliyelipa ada yote mapema, siku kama hiyo anageuka mdai, tena huko mwisho wa foleni nyuma ya mabenki. Sisemi yako inaelekea huko. Ila sikiliza mafundi wanasemaje kuhusu mishahara yao, na tazama kama mafuta yananunuliwa kwa kudunduliza.

Zile saa saba zinazozidi zinaweza kuwa na maelezo halali. Mita ya Hobbs huanza kuhesabu injini inapowaka, wakati kitabu cha rubani kwa kawaida huanza ndege inaposogea ili kwenda kupaa. Tofauti lazima iwepo. Lakini saba juu ya 31 ni zaidi ya moja ya tano. Kama umeruka mara 30 hivi, ni takriban dakika 14 kila safari ndege ikinguruma mahali pamoja. Labda, ingawa mstaafu wangu alikunja uso. Omba taarifa ya kila safari, tarehe na namba za mita mwanzo na mwisho, uilinganishe na kitabu cha ndege yenyewe. Mali bila daftari huisha bila habari, na katika kazi hii kila kitu kina daftari. Anayekataa kukuonyesha atakuwa amekujibu.

Kuhama nako kuna gharama zake. Saa zilizotiwa saini ni zako popote uendako, ila shule mpya itakupima upya na huenda ikakurudisha hatua kadhaa. Ada inaweza isirudi, au irudi kidogo baada ya mvutano mrefu. Kifungu cha "ada hairudishwi" si lazima kiwe mwisho wa maneno, kwa sababu sheria nyingi za kumlinda mlaji huangalia kama huduma iliyolipiwa ilitolewa. Mwanasheria akisoma mkataba wako kwa saa moja atakuambia zaidi ya mimi. Kabla ya kumwambia yeyote shuleni kwamba unafikiria kuondoka, chukua vyeti vyako. Cheti cha afya, matokeo ya mitihani, nakala ya kila ukurasa wa kitabu chako, rekodi za masomo zenye saini za wale wanne, mkataba, risiti. Ulinitisha uliposema viko kwao.

Kuna njia ya tatu ambayo hukuitaja. Mahali pengi unaweza kusoma kwa kulipia kila safari, kwenye klabu au shule ndogo, ukalenga leseni ya rubani binafsi peke yake kwanza. Utakwenda polepole kadiri mfuko unavyoruhusu, utakosa punguzo na zile sare zenye mabega ya dhahabu, lakini siku mambo yakiharibika utakuwa umepoteza somo moja. Kwa mtu aliyeungua kama wewe, linafaa kufikiriwa, ingawa kuna wanaohitaji mbio na ratiba ya kozi kamili ndipo wamalize. Wewe ni yupi?

Maana nimeona kitu katika barua yako, sijui kama na wewe umekiona. Shule ya kwanza: ofa inaisha Ijumaa. Shule ya pili: punguzo mpaka mwisho wa mwezi. Skrini nzuri za ndani ya ndege hazifundishi mtu, na ndege ya miaka 40 inayokaguliwa ipasavyo kila saa 100 inaweza kuwa mwalimu bora kuliko mpya isiyo na fundi. Kabla mjomba hajafungua mkoba (na hapo fikiria kwamba deni litakuwa limehamia upande wa pili wa familia), nenda ukaione shule hiyo kwa macho. Nenda siku ya kazi, asubuhi yenye anga safi, bila kupiga simu. Hesabu ndege zilizo angani, kisha zile zenye vumbi kwenye matairi. Wanafunzi wanaochaguliwa wakutembeze waache. Zungumza na wanaosubiri gari nje ya geti, uwaulize wameruka mara ngapi mwezi huu. Uliza ndege moja ina wanafunzi wangapi, na watano wa mwisho kuhitimu walichukua muda gani. Omba uone kitabu cha hitilafu. Kitabu kisicho na hitilafu hata moja kwa miezi kinapaswa kukutia wasiwasi, na sababu unaijua wewe kuliko mimi. Kisha nenda mamlaka ya usafiri wa anga uthibitishe kwamba kibali chao ni hai na kinahusu kozi ya biashara, si ile ya mwanzo tu.

Usiwahukumu kwa wakufunzi kuondoka. Wengi wao hufundisha ili kukusanya saa za kuajiriwa. Marekani, baada ya ajali ya mwaka 2009 karibu na Buffalo, sheria ilibadilishwa, na tangu 2013 hata rubani msaidizi wa shirika la ndege kwa kawaida anahitaji saa 1,500. Kuondoka kutakuwepo popote. Uliza wanakabidhianaje mwanafunzi: je, kuna rekodi ya kila somo ambayo mpya anaisoma na kuendelea, au anaanza na "nikuone kwanza"?

Na breki. Hapa sitazunguka. Pedali iliyozama inaandikwa, na ndege inabaki chini mpaka fundi atie saini. Una haki ya kukataa kuruka hata ukiwa mwanafunzi wa siku ya kwanza. Mstaafu wangu alisema mwanafunzi anayeandika hitilafu ndiye anayemtaka amrushie wajukuu wake. Mamlaka nyingi za anga zina njia ya kuripoti mambo ya usalama bila jina lako kufichuliwa, ulizia ya huko uliko. Nafahamu woga wa ratiba. Lakini wenzako 26 wanaikanyaga pedali ileile, na wengine wanaikanyaga wakiwa peke yao.

Yule mwenzako wa redio, mnawasiliana? Ameshapita njia unayoiogopa. Anajua alirudishiwa nini, shule mpya ilimpokeaje, na anajutia nini. Mtafute kabla ya mwisho wa mwezi.

Sitakuambia baki wala ondoka, kwa sababu sijui mkataba wako unasemaje wala saa ile ya mkufunzi mgeni itaonyesha nini. Ila nashuku kwamba sehemu ya haraka yako haitoki kwa shule yoyote. Inatoka kwa baba. Unataka upate leseni upesi ili kauli uliyomwambia igeuke kweli kabla hajaigundua. Na haraka ya namna hiyo ndiyo inayoweza kukufanya utume asilimia 60 bila kwenda kuangalia, au ukalie kiti ambacho breki yake inazama. Ulisema uongo kumpoza mgonjwa, na mzazi anaweza kulielewa hilo kuliko unavyofikiri. Anaweza pia kuumia, tena sana, maana ni jasho lake la miaka yote. Sijui ataanza na lipi. Lakini mafao ni yake, na kila njia kati ya hizi inamhusu. Huwezi kumwomba ushauri kuhusu mkataba ambao kwa anavyojua umeshazaa matunda.

Ukimpigia, usianze na kuomba radhi, itakuja yenyewe. Anza na ile asubuhi. Mwambie mkufunzi alishuka akafunga mlango, ndege ikawa nyepesi, ukazunguka mara tatu na kutua mara tatu bila mtu pembeni. Hilo ulilifanya, na nadhani hujawahi kumsimulia vizuri, kwa sababu ulisharuka ukampelekea leseni.